Zipitiwe kwanza dawa ulizonazo

Tuseme mama wa miaka sitini na kitu ana presha. Kliniki ya wilaya ilimwanzishia amlodipini, presha ikakaa sawa, lakini miezi michache baadaye miguu ikaanza kuvimba kila jioni. Kliniki ilikuwa mbali, akaenda zahanati ya karibu akaeleza habari ya miguu tu. Akapewa Lasix, dawa ya kukojoza. Sasa anaamka kukojoa usiku kucha na misuli ya miguu inamkaza, hivyo akapita duka la dawa la mtaani akaomba cha kutuliza, akauziwa diklopa, dawa ya maumivu. Diklopa ikamchoma tumbo. Akarudi, akaongezewa omeprazoli.

Dawa nne, na tatu kati ya hizo zinahangaika na madhara ya ile iliyotangulia. Mama huyu nimemtunga, ila mnyororo wake wafamasia wanaujua vizuri. Uvimbe unaoletwa na amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Unatokana na mishipa midogo ya damu kulegea, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiusaidii sana. Kilichohitajika pengine ni daktari kupunguza dozi au kubadilisha dawa ya kwanza. Waliomhudumia wote walijibu walichoulizwa, na hakuna hata mmoja aliyeziona dawa zote nne kwa pamoja.

Kuziona kwa pamoja ni kazi ambayo mfamasia wa mtaani amesomea, na mgonjwa anaweza kumwomba aifanye. Inafaa zaidi kwa mtu anayemeza dawa nne au zaidi kila siku, anayehudhuria kliniki zaidi ya moja, aliyetoka kulazwa karibuni akiwa na dawa mpya, au mzee ambaye dawa zake zinatunzwa na watoto wanaopokezana.

Kabla sijaeleza namna ya kuiomba, tutazame walioifanya kuwa huduma rasmi. Huko England, kuanzia Aprili 2005, famasi za mtaani ziliruhusiwa kumwalika mgonjwa wa dawa za muda mrefu, kukaa naye kwenye chumba cha faragha na kuzungumza naye dawa moja baada ya nyingine. Mgonjwa hakulipa kitu. Serikali ndiyo iliyolipa famasi, na kwa miaka mingi malipo yalikuwa pauni 28 kwa kila mazungumzo, kwa ukomo wa mazungumzo 400 kwa mwaka. Huduma hiyo ilifungwa Machi 2021.

Wagonjwa walipoulizwa na watafiti waliionaje, walisifu ukarimu. Walipenda kukaa chini, kusikilizwa, kuuliza jambo ambalo wangeona haya kumpotezea daktari muda kwa ajili yake. Lakini wengi hawakujua wameitiwa nini. Walikuwa wamekuja kuchukua dawa, wakaombwa dakika chache, wakaingia bila swali hata moja mkononi. Wapo waliodhani wanakaguliwa kama wanameza dawa inavyotakiwa. Wapo waliomwona daktari kuwa ndiye pekee mwenye kauli, wakajibu kila kitu kwa “hakuna shida” na kutoka kama walivyoingia. Upande wa pili wa kaunta nako mambo yaliharibika: ule ukomo wa 400 uligeuka kuwa idadi ya kufikiwa, na malalamiko yakatoka hadharani kwamba wafamasia wanasukumwa kuitimiza.

Ninavyoona mimi, chumba kilikuwepo na pesa ilikuwepo, ila mgonjwa aliingia mikono mitupu. Kwetu chumba ni nadra na malipo ya mazungumzo hayapo, na hilo lina upande wake mzuri: hakuna atakayekuvizia na fomu. Ukiamua kwenda, nenda na jambo lako.

Anza kwa kujua unaongea na nani. Ukivaa koti jeupe nyuma ya kaunta ya dawa, Dar es Salaam au Mwanza, utaitwa dokta hata kama kazi yako ni kupanga maboksi. Nchini Tanzania kuna famasi, ambayo kisheria inasimamiwa na mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, na kuna duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu amepewa mafunzo, na kwa homa ya mtoto au dozi ya dawa mseto ya malaria ni msaada mkubwa, hasa vijijini. Ila kupambanua dawa sita za presha, sukari na moyo si kazi ya ngazi yake, na mwaminifu miongoni mwao atakwambia hivyo mwenyewe. Kenya nako, kwenye kemisti unaweza kuhudumiwa na mfamasia, na mteknolojia wa dawa, au na kijana wa mauzo tu. Leseni hutundikwa ukutani, isome. Kisha uliza bila kuona aibu: “Samahani dada, mfamasia mwenyewe yupo? Kama hayupo, anapatikana saa ngapi?”

Muda nao una uzito wake. Usiende jioni watu wakitoka kazini, kaunta imejaa na kila mtu ana mtoto anayekohoa. Saa nne hadi saa sita mchana, katikati ya wiki, ndiyo nafasi nzuri katika maduka mengi. Na sema unachotaka tangu mwanzo, kwa sababu ukianza na “naomba Panadol” utauziwa Panadol. Sema: “Dokta, natumia dawa sita za kila siku. Naomba tuzipitie zote pamoja. Kama sasa una wateja, niambie nirudi saa ngapi.” Mfamasia akikupangia saa, hapo umeshapata nusu ya ulichofuata.

Sasa mzigo wenyewe. Beba kila kitu, katika kikapu au mfuko wowote, na kila kitu maana yake ni kila kitu. Watu hubeba vidonge vya presha wakaacha matone ya macho, kwa kuwa matone hawayahesabu kuwa dawa. Lakini baadhi ya matone ya presha ya macho, kama timololi, yanaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu. Beba pampu ya pumu, vidonge vya kuongeza damu, vitamini, dawa ya gesi, vidonge vya uzazi wa mpango; kama una kijiti au unachoma sindano, iandike. Beba Panadol iliyo kwenye mkoba. Beba chupa ya mwarobaini au mlonge uliyoletewa na shangazi. Beba vile vidonge vya kunenepa ulivyonunua kwa siri, kwani vingine vina deksamethasoni, ambayo hupandisha sukari na presha, na mtu aliyeitumia kwa muda mrefu hatakiwi kuiacha ghafla. Beba pia dawa ulizoacha kumeza, na uwe tayari kueleza kwa nini uliziacha.

Usizihamishe dawa kutoka kwenye karatasi zake ngumu zenye jina. Kidonge cheupe kilicho peke yake ndani ya bahasha iliyoandikwa “1×3” hakimwambii mfamasia lolote. Vidonge vyeupe vya duara ni vingi mno duniani. Ukipewa dawa za kuhesabiwa, omba jina na nguvu yake viandikwe juu ya bahasha palepale dirishani. Ongeza daftari la kliniki, majibu ya mwisho ya kipimo cha figo na sukari kama unayo, na namba za presha ulizopimwa karibuni. Kwa anayemwakilisha mzazi aliye kijijini, piga picha za maandishi ya kila boksi. Na mpigie simu mzazi mkiwa palepale, maana yeye ndiye anayejua anameza nini kweli.

Hilo la kumeza kweli ndilo gumu kuliko yote, na ndilo wagonjwa wa England walilolipita kwa “hakuna shida”. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao inavyotakiwa. Kwa hiyo mfamasia hatashangaa. Mwambie kwamba unameza siku moja na kuruka moja ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Mwambie kwamba unagawana na mumeo kwa sababu nyote mna presha. Mwambie kwamba siku za safari humezi ile ya kukojoza kwa kuwa basi halisimami ovyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha dozi alizoruka yuko katika hatari hiyohiyo: daktari ataona presha iko juu, atadhani dawa imeshindwa, atakuongezea nyingine, siku utakayozimeza zote, utaanguka bafuni.

Na kila siri hapo ina msaada wake. Kama tatizo ni pesa, mara nyingi kuna dawa yenye kiini kilekile kwa jina jingine na bei ya chini, uliza “kuna ya bei nafuu yenye dawa ileile ndani?” Ya kukojoza katika hali nyingi inaweza kusogezwa saa, na daktari akiridhia mnaweza kuipanga kulingana na siku yako. Ramadhani vilevile: dozi nyingi huhamia futari na daku bila shida, lakini anayetumia glibenklamidi au insulini amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwani mchana wa kufunga sukari inaweza kushuka hadi mtu azimie.

Mkishaketi, mwache mfamasia aongoze, ila usiondoke bila kuuliza mambo kadhaa kwa kila dawa: hii ni ya nini, naimeza saa ngapi na chakula gani, na je, bado naihitaji? Swali la tatu ndilo la thamani. Omeprazoli iliyoandikwa kwa wiki chache inaweza kujikuta inamezwa miaka miwili kwa sababu hakuna aliyesema basi.

Kisha ziulizwe kwa pamoja: kuna mbili zenye kitu kimoja ndani? Hapa ndipo yanapotokea mengi. Diklopa nyingi zina diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja; dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli; halafu mtu anaongeza Panadol kwa kichwa. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na asiyekula vizuri au mwenye ini bovu hata hizo ni nyingi. Asiyesoma maandishi madogo anafika huko bila kujua.

Diklofenaki na ibuprofeni zinastahili kuzungumzwa peke yake, maana ndizo dawa ambazo mtu wa presha huzinunua bila kudhani kwamba zinahusiana na presha. Zinaweza kuipandisha. Na zikikutana mwilini na dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinabanwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Mzee akiongeza kuharisha siku mbili au kutokunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kugoma. Utatu huo haupo kwenye cheti kimoja cha daktari. Mbili hutoka kliniki na ya tatu hununuliwa mtaani siku goti limeuma. Kama utauliza swali moja tu siku hiyo, liwe hili: “Kwa dawa hizi ninazotumia, nikiumwa goti ninunue nini?”

Taja pia kila dalili iliyoanza baada ya dawa fulani kuanza, hata kama hujui zinahusianaje. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa mtu anayetumia enalaprili au kaptoprili mara nyingi ni cha dawa hiyo. Wapo waliomaliza chupa za dawa ya kifua na dozi mbili za antibiotiki wakikitibu. Tumbo kuvurugika mwanzoni mwa metformini hupungua ikimezwa pamoja na chakula. Vidonge vya damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vinapaswa kuachana kwa saa kadhaa na siprofloksasini au doksisiklini, la sivyo antibiotiki inaishia tumboni bila kuingia kwenye damu.

Faragha ni kero ya kweli. Kaunta zetu ziko wazi na foleni inasikia. Hulazimiki kutaja ugonjwa kwa sauti: andika jina la dawa kwenye karatasi umsogezee, au mwonyeshe picha kwenye simu, na omba msogee pembeni. Hili linawahusu zaidi wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao wengi huziacha nyumbani wakileta nyingine zote. Zisiachwe. Mojawapo, dolutegraviri, haipatani na kumezwa ovyo pamoja na vidonge vya damu, kalsiamu au dawa za gesi, na inaongeza kiwango cha metformini mwilini, kwa hiyo mwenye sukari anaweza kuhitaji dozi iangaliwe upya. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini naye aseme kama anatumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango, kwa sababu rifampisini huvipunguza nguvu. Mimba zisizotarajiwa zimepatikana hivyo.

Tuseme na habari ya pesa. Mfamasia wa kwetu halipwi kwa kuzungumza. Duka linaishi kwa mauzo, na mgonjwa asisahau hilo. Njia ya haki ni kununua dawa zako za kila mwezi kwenye duka lilelile, ukajulikana, historia yako ikajulikana, na maongezi yakawa sehemu ya biashara yenu. Kuna na kipimo changu cha kumpima mfamasia mwenyewe: muulize ni ipi kati ya dawa hizi ningeweza kuiacha. Anayejibu kwa kufikiri, akakuandikia jambo la kumpelekea daktari, mshike huyo. Ukitoka na boksi tatu za virutubisho ambazo hukuzifuata, umeuziwa tu. Dawa zako hazikupitiwa.

Lakini lipo ambalo mfamasia hatalifanya, na akilifanya ujihadhari: kubadilisha au kusimamisha dawa ya daktari kwa uamuzi wake peke yake. Wewe pia usitoke pale ukaenda kutupa vidonge. Atenololi na propranololi, dawa za kifafa, na steroidi zilizotumika muda mrefu ni hatari zikikatwa ghafla. Na kuna mambo ambayo hayangoji mazungumzo ya dawa hata kidogo. Midomo au ulimi kuvimba, kinyesi cheusi kama lami, vipele vyenye malengelenge na midomo kuchubuka, maumivu ya kifua: hospitali, moja kwa moja. Mgonjwa wa sukari anayetokwa jasho, kutetemeka na kuanza kuongea ovyo, apewe sukari kwanza kama anaweza kumeza, ndipo safari ianze.

Dawa mpya inastahili ziara yake ya pekee. Huko England kuna huduma nyingine, iliyoanza Oktoba 2011 na ambayo imedumu: mgonjwa anayeanza dawa mpya ya maradhi ya kudumu hutafutwa na mfamasia baada ya wiki moja au mbili, kisha tena baada ya wiki nyingine mbili au tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao waliipima. Kufikia wiki ya 10, waliofuatwa na mfamasia walikuwa bado wanatumia dawa inavyotakiwa kwa kiasi cha 71 katika kila 100, na wasiofuatwa 61. Ni mazungumzo mawili tu yaliyoleta tofauti hiyo. Wiki hizo za mwanzo ndizo watu wanazokata tamaa, kichwa kikiuma kidogo au tumbo likivurugika, na hawamwambii mtu. Kwetu hakuna atakayekupigia, basi omba namba ya duka siku unayochukua dawa na uweke kikumbusho kwenye simu upige wewe. Madhara mapya au makubwa mwombe ayaripoti. Tanzania na Kenya zote zina fomu ya njano kwa kazi hiyo, inakwenda kwa mamlaka ya dawa, na mgonjwa halipi.

Usiondoke dukani bila karatasi. Hata ya daftari inatosha: majina ya dawa zote, nguvu yake, saa ya kumeza, na chini yake mambo mawili au matatu ambayo mfamasia anaona daktari ayaangalie, pamoja na jina la duka na namba ya simu. Mama yule wa amlodipini angekuwa na mstari mmoja tu: miguu ilivimba baada ya dawa hii kuanza, tunaomba iangaliwe. Ikunje uiweke ndani ya daftari la kliniki, na siku yako ikifika umkabidhi daktari kabla hajaanza kuandika. Ukingoja hadi mwisho, atakuwa ameshaita mgonjwa mwingine.